Balungi Jekundu na Mionzi

Msikilizaji, umewahi kusikia kwamba kuna tunda lililotokana na mionzi? Lipo. Ni balungi jekundu liitwalo Star Ruby. Mwaka 1959, mbegu za balungi lenye kokwa tele kutoka Texas, Marekani, zilipigwa mionzi, kisha zikapandwa. Mwaka 1970 wakulima wakapewa aina mpya: nyama yake nyekundu iliyokolea, kokwa chache mno. Mimi bado nastaajabu.

Mionzi ile ilibadili vinasaba vya mbegu. Haibaki ndani ya tunda. Narudia: haibaki ndani ya tunda. Kula bila hofu.

Kwenye kitalu, lakini, kuna kazi. Mionzi ikizidi, mbegu hazioti. Zikiota, miche hudumaa, majani hujikunja au hupauka. Mingi hufa. Kemikali za kubadili vinasaba nazo hufanya vivyo hivyo, na baadhi zinaweza kumletea saratani anayezishika. Hiyo ni kazi ya maabara, si ya nyumbani.

Mkulima wa machungwa, uliye Muheza na kwingineko, ukiuziwa dawa ya kubadili mbegu, usinunue. Usiiguse. Panda mche uliobebeshwa, kutoka kitalu kinachoaminika. Mche ukidumaa, mwite afisa ugani auone.