Maji Kabla ya Ndovu: Mfalme Naresuan na Uhuru wa Siam



Oktoba 2014, mzee mmoja wa Kithai alisimama mbele ya hadhira kama nilivyosimama mimi sasa, katika Chuo Kikuu cha Thammasat jijini Bangkok, akazungumzia vita vya mwaka 1593. Jina lake ni Sulak Sivaraksa, mwandishi na mwanafikra ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuvuka miaka 80. Aliuliza kama ni kweli kwamba Mfalme Naresuan alipigana ana kwa ana, juu ya ndovu, na mwana wa mfalme wa Burma. Swali hilo lilimfikisha polisi. Mwaka 2017 jalada lake lilipelekwa kwa waendesha mashtaka wa kijeshi chini ya kifungu cha 112 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake ni kifungo cha miaka 3 hadi 15. Mfalme aliyedaiwa kuvunjiwa heshima alikuwa amefariki mwaka 1605. Shauri lilifungwa tarehe 17 Januari 2018, siku moja kabla ya sikukuu ya kuadhimisha pambano lile lile.

Basi nanyi mtaona uzito wa jina ninalolitaja. Mimi namheshimu Naresuan, na nasema hivyo mapema ili nisieleweke vibaya. Lakini uhuru alioutafuta siuoni zaidi pale juu ya ndovu. Nauona miaka tisa kabla, katika maji aliyoyamwaga ardhini, na katika watu aliowarudisha kwao.

Naresuan alizaliwa mwaka 1555 Phitsanulok, kaskazini mwa Ayutthaya, mji mkuu wa Siam. Baba yake, Maha Thammaracha, ndiye aliyekuwa mtawala wa Phitsanulok. Mama yake, Wisutkasat, alikuwa binti wa mfalme wa Ayutthaya. Bibi yake mzaa mama, Malkia Suriyothai, anakumbukwa na Wathai hadi leo kwa kufia vitani juu ya ndovu akimkinga mumewe. Mtoto huyu alipofika umri wa miaka tisa hivi, majeshi ya Bayinnaung, mfalme wa Burma aliyetawala kutoka Pegu, yaliingia Siam, Phitsanulok ikasalimu amri, naye akachukuliwa. Kiswahili kina neno linaloikaa hali hiyo barabara: aliwekwa rehani. Aliyewekwa rehani hulishwa, huvishwa na hufunzwa, ila roho yake ni dhamana ya deni la mzazi. Alikulia huko Pegu, katika makao ya mfalme aliyeiteka nchi yake, akayajua vizuri majeshi ambayo baadaye angepambana nayo.

Mwaka 1569 Ayutthaya yenyewe ilianguka. Bayinnaung akamweka Maha Thammaracha kwenye kiti cha ufalme kama mtawala wa chini yake, na watu wengi wakaswagwa kwenda Burma. Miaka michache baadaye kijana akaruhusiwa kurudi nyumbani. Wathai husimulia kwamba dada yake, Suphankanlaya, alipelekwa Pegu kuwa mmoja wa wake za Bayinnaung. Rehani moja ilikombolewa kwa rehani nyingine.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu sisi tuliozaliwa katika nchi zenye mipaka iliyochorwa kwenye ramani tunaweza kupotea njia. Siam ya karne ya 16 haikuwa na mpaka wa namna hiyo, na Burma pia haikuwa nao. Wanahistoria wa Asia ya Kusini-Mashariki huufananisha utawala wa siku zile na mwanga wa taa: karibu na taa ni kweupe, kadiri unavyokwenda mbali mwanga unafifia, na mahali pengine unakutana na mwanga wa taa nyingine. Mtawala mdogo alifungwa kwa mkubwa kwa kiapo, kwa zawadi za utii, na kwa watoto wake kukaa rehani. Kiapo hicho kilikuwa cha mtu kwa mtu. Bayinnaung alipofariki mwaka 1581, kila aliyemwapia alijiuliza kama anamdai au anadaiwa chochote na mwanawe, Nanda Bayin.

Mwaka 1584 Nanda Bayin alimwita Naresuan aje na jeshi kumsaidia kuuzima uasi wa Ava, mji mwingine wa Burma. Naresuan alikwenda taratibu mno. Kwa mujibu wa kumbukumbu za kifalme za Siam, njiani katika mji wa Khraeng alitonywa na watu wa kabila la Wamon kwamba amepangiwa kuuawa. Ndipo alipowakusanya wakuu wake, akashika birika la dhahabu, akamimina maji ardhini na kutangaza kwamba urafiki wa Ayutthaya na Pegu umekwisha.

Kwa nini maji? Katika desturi ya Wabudha wa nchi hizo, mtu akitenda jambo la wema humimina maji ili ardhi ishuhudie. Na huko Siam, watumishi wa mfalme waliapa utii kwa kunywa maji ambayo silaha zilichovywa ndani yake. Aliyemwaga maji Khraeng alikuwa anazungumza na watu kwa lugha waliyoielewa tangu utotoni. Yaliyofungwa kwa maji yalifunguliwa kwa maji. Kila nilisomapo tukio hili naona kwamba hapo ndipo Siam ilipojitenga kweli. Yaliyofuata yalikuwa kazi ya kulitimiza tamko hilo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kurudisha watu. Naresuan aliwakusanya Wasiam waliotekwa pamoja na Wamon waliochoshwa na utawala wa Pegu, akawavusha Mto Sittaung kuelekea nyumbani, huku Waburma wakimfuata nyuma. Simulizi hupenda kusimama kwenye risasi aliyoipiga kutoka ng'ambo ya mto kwa bunduki ndefu na kumwangusha kiongozi wa waliomfuata. Mimi macho yangu yako kwa wale waliovushwa. Katika nchi zile ardhi ilikuwa tele na watu wachache. Bila watu mpunga haulimwi, ngome haijengwi, jeshi halipatikani. Ndiyo maana wafalme waliteka watu kuliko walivyoteka mashamba, na ndiyo maana kuwarudisha kulikuwa sawa na kuirudisha nchi.

Swali linalonisumbua ni hili: watu hao walirudi kwenye uhuru gani? Mwananchi wa kawaida wa Siam, aliyeitwa phrai, alikuwa chini ya bwana wake, na shokoa ya mfalme ilimla nusu ya mwaka mzima, mwezi kwa mfalme na mwezi nyumbani kwake. Vita vilipolia, alikwenda. Methali yetu ya ndovu wanaopigana na nyasi zinazoumia, huko haikuwa fumbo hata kidogo: ndovu walikuwa ndovu wa nyama na damu, na miguuni mwao walikuwamo watu. Hata hivyo sithubutu kusema kwamba kwa phrai kurudi hakukuwa na maana. Kutumikishwa karibu na kaburi la baba yako si sawa na kutumikishwa Pegu.

Naresuan alitawazwa mwaka 1590. Tarehe 18 Januari 1593, kwa hesabu inayofuatwa leo, alikutana na Mingyi Swa, mrithi wa Nanda Bayin, mahali paitwapo Nong Sarai. Simulizi ya Wathai inasema ndovu wa Naresuan na wa mdogo wake Ekathotsarot, madume waliokuwa katika msimu wa ukali wao, walikurupuka nao hadi katikati ya adui, wakaliacha jeshi lao nyuma. Naresuan alimwona Swa chini ya mti akiwa juu ya ndovu wake, akamwita watoke wapambane kifalme, akamkata bega hadi kifuani. Kumbukumbu za Burma zinasema Swa aliuawa kwa risasi. Kumbukumbu ya Wathai iitwayo Luang Prasoet, iliyoandikwa mwaka 1680 na ambayo ni fupi na kavu, inalitaja pambano, lakini inataja pia kwamba Naresuan alijeruhiwa mkono kwa risasi. Upanga au baruti, bunduki zilikuwapo siku ile, na Wareno walikwisha kuzieneza katika bahari yote. Mwaka huo huo wa 1593, Wareno hao walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa.

Baada ya ushindi, mfalme alitaka kuwaua makamanda walioshindwa kumfuata. Mtawa mkuu wa Wat Pa Kaeo akaja kuwaombea. Alimweleza mfalme kwamba kama wangekuwa naye, watu wasingejua kuwa ameshinda kwa nguvu zake mwenyewe. Hata Buddha alimshinda shetani akiwa peke yake. Makamanda wakasamehewa. Naona simulizi hiyo yenyewe inakiri jambo: upweke wa shujaa ulihitaji kuelezwa, na aliyeueleza aliokoa maisha ya watu.

Sanamu ya Don Chedi, mkoani Suphanburi, iliyozinduliwa mwaka 1959, inamwonyesha Naresuan akiwa juu ya ndovu. Katika mahekalu yake watu huweka sanamu za majogoo, mamia kwa mamia, kwa ajili ya hadithi kwamba alipokuwa rehani jogoo wake alimshinda jogoo wa Swa. Hao majogoo nawapenda, maana wanamkumbuka yule mtoto.

Mwisho wa mwaka 1599 Pegu ilianguka, ikiwa imedhoofishwa na njaa na uasi. Majeshi ya watawala wa Toungoo na Arakan yaliitangulia Siam. Naresuan alipofika, mji aliokulia ulikuwa umeporwa na kuchomwa, na Nanda Bayin amekwisha kuchukuliwa Toungoo. Akamfuata huko, akauzingira mji, chakula kikamwishia, akageuka mwaka 1600. Kuhusu dada yake, Wathai husema kwamba Nanda Bayin alimuua kwa hasira ya kifo cha Swa. Mfalme aliyewavusha maelfu ya watu Mto Sittaung alirudi nyumbani bila Suphankanlaya.