Maradhi Yanayojificha Nyuma ya Usonji

Usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, haumkingi mtoto na maradhi mengine. Mara nyingi humnyima maneno ya kuyaeleza, na hiyo ndiyo hatari inayowakabili watoto wa mji wa Rhamu na wa Kaunti nzima ya Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya.

La kwanza ni kifafa, ugonjwa unaotokana na mvurugiko wa ghafla wa umeme wa ubongo, ambao huwapata watoto wenye usonji mara nyingi kuliko wengine. Si kila kifafa humwangusha mtu: kipo kinachomfanya mtoto akodoe macho kwa sekunde chache asisikie akiitwa, na kwa kuwa mtoto mwenye usonji amezoeleka kutoitika, dalili hiyo hupita bila kutiliwa maanani.

Yapo pia matatizo ya usingizi, kufunga choo na kuchagua chakula kupita kiasi. Mtoto asiyekubali ila chai ya maziwa na anjera huweza kupungukiwa damu, kwani maziwa yana madini ya chuma kidogo mno, nayo majani ya chai huuzuia mwili kuyafyonza madini hayo kutoka katika chakula.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, uliotolewa mwaka 2013, ulionyesha kwamba watoto wenye usonji wa mji wa Minneapolis walio Wasomali, kama walivyo wengi wa Mandera, walikuwa na ulemavu wa akili kwa kiwango kikubwa kuliko watoto wengine wenye usonji mjini humo. Huko ulemavu huo wa akili ulijulikana kwa sababu ulipimwa. Pasipo vipimo, kila jambo huitwa usonji, au jini, na mtoto huachwa na maumivu yake.

Kisomo cha Qur'ani anachosomewa mtoto anayedhaniwa kuwa na jini hakipingani na hospitali, na mzazi anaweza kuvitumia vyote viwili. Mtoto anayeanza ghafla kujigonga kichwa, kujing'ata au kukataa chakula apimwe masikio, meno, tumbo na damu, malaria ikiwemo, kabla mhudumu hajasema kwamba ndivyo alivyo. Na mzazi aliyeshuhudia degedege au mkodoo wa macho aurekodi kwa simu, maana picha hiyo humsaidia daktari kuutambua ugonjwa. Mtoto asiyeweza kusema anaumwa ana haki ileile ya kutibiwa.