Ufukweni Pemba, ng'ambo ya Ruvuma

Ukisimama Shimo la Mungu, Newala, unaliona bonde la Ruvuma likitandaa chini, na ng'ambo yake Msumbiji. Tangu 2010 Daraja la Umoja, pale Mtambaswala, limetufungulia njia: kutoka Masasi kupitia Mangaka, mtu aweza kwenda kupumzika ufukwe wa Wimbe mjini Pemba, akala matapa, kisamvu kilichopikwa kwa karanga na tui zito la nazi, akapiga soga na wenyeji kwa Kimakonde au Kimakua bila mkalimani. Utalii wa ndugu huo, wala hauhitaji ndege. Lakini mashambulizi yaliyoanza Cabo Delgado, jimbo ulimo mji huo wa Pemba, Oktoba 2017 yameuvuruga. Serikali zetu mbili zinapojadili ulinzi wa mpaka, zimkumbuke pia msafiri wa kawaida, anayevuka na watoto wake kwenda kuogelea.