Sampu ya Giaboksi: Pima Kabla ya Kununua
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa karakana)



Katibu ameniomba niseme juu ya sampu za giaboksi za otomatiki. Vijana wetu kadha wameomba mkopo katika sacco ili wanunue vyombo vya kutia nguvu motokaa zao, na sampu ni kimoja katika vyombo hivyo. Mimi sina ugomvi na mtu apendaye motokaa yenye mbio. Huchoka kazini kama sisi sote, na Jumapili ni yake. Lakini mkopo hukatwa katika mshahara kila mwezi, sampu ikifaa au isipofaa, basi ni haki yake ajue anunua kitu gani.

Kwanza tuelewane. Chini ya giaboksi ya otomatiki kuna karai lililofungwa kwa bolti pande zote. Hilo ndilo sampu. Ndani yake imo oili, ndani ya oili imo filta, na pampu huvuta oili kupitia filta hiyo. Oili hii si ya kulainisha tu, kama ile ya ekseli ya behewa. Ndiyo inayosukuma klachi zishikane, ndiyo inayopokeza nguvu ya injini ndani ya konvata, yaani lile duara kubwa lililo kati ya injini na giaboksi, na ndiyo inayobeba joto kwenda kupoozwa. Pampu ikivuta hewa badala ya oili, hata kwa nukta chache, mkazo huanguka, klachi huteleza, na klachi inayoteleza huungua. Watu wa breki wananielewa upesi, maana kazi yao yote ni mkazo ndani ya bomba.

Nitaanza na mfano wa Marekani, kwa sababu biashara hii ya kuuza sampu kando ilikua huko, na katalogi ambazo vijana wetu wanazisoma zimeandikwa hasa kwa magari ya huko. Chukua Chevrolet Camaro ya mwaka 1969 yenye giaboksi inayoitwa Turbo-Hydramatic 350. Sampu yake ya kiwandani ni bati jembamba lililogandamizwa, lina bolti 13, na halina kizibo cha kumwagia oili. Fundi akitaka kubadilisha oili hana budi kulegeza bolti na kushusha karai zima likiwa limejaa, na oili ya moto humwagika mpaka kwenye kwapa zake. Hapo mtu akinunua sampu nyingine yenye kizibo simlaumu hata kidogo. Kwangu mimi kizibo ni sababu nzuri kuliko sababu nyingine zote zilizoandikwa katika tangazo.

Lakini asihesabu bolti tu akatuma pesa. Turbo-Hydramatic 400, iliyotoka mwaka 1964, nayo ina bolti 13, na sampu zake haziingiliani na za 350 kwa sababu umbo ni jingine. Ya 350 ni kama mraba uliokatwa kona moja. Ile 700R4 ya mwaka 1982 ina bolti 16. Mtu alale chini ya gari lake, achore umbo kwenye karatasi, ndipo afungue katalogi.

Sasa tuje kwenye joto, maana hapo ndipo muuzaji anaposema sana. Husema sampu yenye kina, iliyosubiwa kwa aluminiamu na kuwekwa mapezi, itaipooza giaboksi. Katika maneno hayo mna ukweli kidogo. Sampu ya kina huongeza oili lita moja, mbili, pengine tatu. Lakini fikirini sufuria ya chai ya mkutano huu. Ukiongeza maji, itachelewa kuchemka, lakini moto ukiwa ule ule itachemka. Oili nyingi huchelewesha joto, na hiyo ni faida kwa mtu anayekimbiza gari kwa dakika chache kisha akalipumzisha. Kwa mtu anayekaa saa nzima katika msongamano wa Mombasa Road, sampu haipati upepo, na mapezi yake hayana kazi kubwa. Kinachoondoa joto ni rejeta ya oili iliyowekwa mbele mahali penye upepo. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu, na giaboksi yake inapata moto, anunue rejeta kwanza. Na iliyopakwa kromu ni ya macho tu. Aliye chini ya gari kuitazama ni fundi peke yake, na yeye hajali.

Jambo ambalo wauzaji wengine hawalitaji ni filta. Ukishusha chini ya sampu kwa inchi mbili, lakini filta ikabaki mahali pake pa zamani, ile oili uliyoongeza iko chini ya mdomo wa kuvutia. Itachanganyika na nyingine, ndiyo, lakini siku ya kona kali, au siku ya kuondoka kwa nguvu, oili inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa vile vile kama zamani. Kwa hiyo sampu ya kina lazima ije na filta yake ya kina, au na kipande cha kuishusha ile ya zamani. Kama havimo ndani ya boksi, uliza kabla ya kulipa.

Hapa kwetu magari ya namna hiyo ni machache. Vijana wetu wengi wana BMW zilizotumika ng'ambo, zenye giaboksi za ZF za gia sita au nane. Nyingi katika hizo zina sampu ya plastiki, na filta imejengwa ndani yake, vyote kitu kimoja, ukibadilisha filta unatupa sampu nzima. Plastiki hiyo ikizeeka kwa joto hupinda ukingoni na kuvuja. Tena sikilizeni hesabu hii. ZF wenyewe wanashauri oili ibadilishwe baada ya kilomita 80,000 mpaka 120,000, au miaka 8. Gari lililotumika linaruhusiwa kuingia nchini mwetu likiwa na umri usiozidi miaka 8. Basi gari linaweza kushuka Kilindini likiwa tayari limefikia zamu yake, na kijana anafikiri amenunua gari jipya! Kabla ya kuongeza nguvu yo yote, amwage oili hiyo.

Kwa giaboksi hizo kuna sampu za chuma au aluminiamu zenye filta ya peke yake. Kama utakaa na gari miaka mingi na kubadilisha oili mara kwa mara, nunua hiyo, kwa sababu mara ya pili utanunua filta na gasketi tu. Kama unakusudia kuliuza gari mwakani, sampu ya plastiki mpya ya kiwandani inatosha, wala usione aibu.

Lakini katika nchi hii swali kubwa kuliko yote ni matuta. Gari la mbio limekwisha kushushwa chini, na juu ya hayo mtu anafunga sampu inayoning'inia inchi mbili zaidi. Sampu ya bati ikigonga tuta hubonyea, na ikibonyea sana huweza kuisukuma filta na kuziba njia ya oili. Ile ya aluminiamu ya kusubu ni ngumu, lakini ikigongwa kwa nguvu hupasuka, na oili yote huisha njiani. Mimi nasema hivi: weka rula chini ya ile boriti inayoshika giaboksi. Sampu mpya ikishuka kupita boriti hiyo, usiinunue, hata kama inauzwa nusu bei.

Katika kufunga, inueni gari kwa jeki lakini lishikwe na stendi. Hapa kazini hakuna mtu anayeingia chini ya behewa linaloshikwa na jeki peke yake, na nyumbani sheria ni ile ile. Subirini oili ipoe kidogo. Sampu ya kusubu ina ukingo mnene, kwa hiyo hutaka bolti ndefu zaidi. Bolti za zamani zitashika meno mawili matatu tu na kuyang'oa katika aluminiamu ya giaboksi, na kuyatengeneza upya ni gharama. Kazeni kwa zamu, kwa kuvuka upande hadi upande, kwa spana ya kupimia na kipimo cha kitabu. Mwanachama mmoja alipeleka gari kwenye gereji fulani mjini, wakakaza bati kwa nguvu zote mpaka likaingia mashimo kuzunguka kila bolti, kisha wakamwambia gasketi ndiyo mbovu. Alilipia gasketi tatu. Bati kama hilo hunyoshwa kwa nyundo juu ya gogo, ndipo gasketi ifanye kazi.

Mwisho, kipimo cha oili. Sampu ikiwa ya kina, alama ya kijiti haibadiliki. Unatia oili mpaka alama ile ile. Usizidishe, maana oili ikifikia gia zinazozunguka hutoa povu, na inaweza kutoka kwa bomba la pumzi na kudondoka juu ya ekzosi yenye moto. Kwa Chevrolet hupimwa injini ikiwaka na gia ikiwa katika Park. Giaboksi hizo za ZF hazina kijiti: hupimwa kwa tundu la kutilia, injini ikiwaka, oili ikiwa kati ya digrii 30 na 50. Fundi asiye na chombo cha kusoma joto hilo anabahatisha, na mna haki ya kumwuliza kabla hajashika spana.

Nimeleta sampu mbili kuukuu, moja ya bati na moja ya kusubu. Ziko mezani pale. Zigeuzeni mtazame, na mwenye swali aulize.