Ngozi Ni Amana: Kujipamba kwa Vitu Vilivyomo Nyumbani

(Hotuba iliyotolewa mbele ya akina mama na mabinti mjini Tabora)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumwombea rehema Mtume wetu Mtukufu (s.a.w.), ninapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa dogo, nalo ni kuitunza ngozi na kujipamba kwa vitu vilivyomo majumbani mwetu. Huenda mwingine akauliza, je, katika mkusanyiko wa dini ipo nafasi ya kuzungumzia mafuta na asali? Jawabu ni kwamba nafasi ipo. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na hupenda uzuri. Tena sisi tunaotawadha kila siku kwa ajili ya Sala tano huosha uso, mikono na miguu mara nyingi kuliko watu wengine, na kwa hiyo tunahitaji zaidi kujua namna ya kuihifadhi ngozi inayooshwa hivyo.

Iko na sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Katika masoko yetu unauzwa mkorogo, na mabinti wetu wanaununua kwa fedha zao wenyewe huku wakijiletea maradhi. Haitoshi kuwaambia waache. Inatupasa kwanza kuwaonyesha lililo jema, kisha tuwaeleze ubaya wa kile wanachokitumia.

Mji wetu wa Tabora ulikuwa makutano ya njia za misafara. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika hapa, pahali palipoitwa Kazeh, tarehe 7 Novemba mwaka huo huo. Njia hiyo iliyotoka Bagamoyo na kuendelea mpaka Ujiji ilipitisha vitambaa, shanga na pembe za ndovu, na watu waliosafiri nayo walikuja na desturi za pwani. Ndiyo maana hata leo, mbali sana na bahari, nyumba nyingi za Tabora zinajua hina, wanja, udi na liwa, na miembe iliyopandwa na wafanya biashara wale imeenea katika mji. Upande wa Kigoma yakapatikana mawese, na misitu yetu ya miyombo ikatupa asali na nta. Kwa hiyo hatuna haja ya kujiona maskini wa vipodozi. Tunachohitaji ni elimu ya kutumia tulichojaliwa.

Sasa nitaeleza vitu vichache kwa utaratibu.

Kwanza ni maji na sabuni. Tabora iko juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Oktoba mvua huwa ni kidogo mno. Hewa kavu huvuta maji kutoka katika ngozi, nayo hupauka na kupasuka. Ukioga kwa maji ya moto sana na sabuni kali ya kufulia, unazidisha ukavu huo, kwa sababu unaondoa mafuta ambayo Mungu ameyaweka ili yailinde ngozi. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya kuogea. Uso usisuguliwe kwa dodoki gumu. Viganja vya mikono vinatosha. Kisha jifute kwa kugusagusa taulo, na ujipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu kidogo. Siri ya mafuta ni hiyo: kazi yake kubwa ni kuyafungia ndani maji yaliyopo. Anayejipaka baada ya ngozi kukauka kabisa amekosa sehemu kubwa ya faida yake.

Pili ni mafuta yenyewe. Mafuta ya alizeti, ambayo karibu kila jiko linayo, ni mazuri kwa ngozi kavu. Mafuta ya nazi nayo yanafaa kwa mwili na nywele, lakini wenye chunusi wasiyapake usoni, maana huweza kuziba vitundu vya ngozi. Mafuta ya nyonyo ni mazito na hufaa kwa nywele kavu. Wengine huuliza juu ya mafuta ya zeituni, ambayo yana heshima kubwa kwetu. Kuyala ni jambo jema, na kwa nywele hayana neno. Lakini uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2013 ulionyesha kuwa yakipakwa mara kwa mara juu ya ngozi huweza kuidhoofisha tabaka yake ya juu, hali mafuta ya alizeti hayakuleta dhara hilo. Kwa hiyo mtoto mwenye ngozi kavu au pumu ya ngozi apakwe alizeti au mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Heshima ya kitu haipungui kwa kukitumia mahali panapostahili.

Tatu ni asali. Nani atatufundisha sisi habari za asali, hali Sikonge, Urambo na Kaliua ni jirani zetu, na chuo cha ufugaji nyuki kiko hapa hapa Tabora? Kurani Tukufu ina sura nzima yenye jina la Nyuki, na imo ndani yake habari ya kinywaji kitokacho matumboni mwao chenye ponyo kwa watu. Asali huvuta unyevu na kuzuia vijidudu vingi visizaliane. Osha uso, paka asali safi tabaka nyembamba, ikae dakika 10 hadi 15, kisha uioshe kwa maji ya uvuguvugu. Mara moja au mbili kwa juma yatosha. Asiyewahi kuitumia aijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono, asubiri mpaka kesho yake, na akiona vipele aiache. Na hapa akina mama nisikilizeni vizuri: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, kwani huweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtoto mchanga haliwezi kushindana nacho.

Nne ni nta. Wapagazi wa zamani walitembea miezi mizima kutoka hapa mpaka pwani, na mwenye kutembea peku ama kwa kandambili anajua magaga ni nini. Chukua kipimo kimoja cha nta safi na vipimo vinne vya mafuta ya alizeti au ya nazi. Weka katika bakuli, na bakuli hilo liwekwe juu ya sufuria yenye maji ya moto. Usiweke moja kwa moja juu ya moto, maana nta huweza kuwaka. Ikiyeyuka, koroga, mimina katika kikopo kisafi, uache ipoe. Usiku loweka miguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, ifute, paka dawa hiyo na uvae soksi. Midomo iliyokauka nayo hupakwa hiyo hiyo. Mwenye kisukari asikwangue magaga kwa wembe wala jiwe kali, bali awaone watu wa hospitali, kwa kuwa kidonda kidogo mguuni mwake huweza kuwa jambo kubwa.

Tano ni hina, wanja na liwa. Hina halisi ya majani, yenye kutoa rangi nyekundu ya hudhurungi, haina ubaya kwa mtu mzima. Jambo la kutahadhari ni ile nyeusi, yaani piko, ambayo mara nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi. Dawa hiyo ikipakwa juu ya ngozi huweza kuleta malengelenge na makovu, na mtu aliyedhurika nayo mara moja huweza kudhurika tena kila akiigusa maishani mwake. Bibi harusi asikubali kupakwa nyeusi. Watoto wachanga wasipakwe hina ya aina yoyote, kwani wako waliozaliwa na upungufu katika damu ambao hina huweza kuwadhuru sana. Vile vile wanja wa jiwe aghalabu huwa na madini ya risasi, basi usitiwe katika macho ya watoto. Liwa iliyosagwa kwa maji hutuliza ngozi na kunukia vizuri, na manjano kidogo pia si vibaya. Ila vyote vioshwe, visilale usoni usiku kucha.

Viko pia vitu vya jikoni ambavyo havistahili kufika usoni. Ndimu na limau ni vya chakula. Maji yake yakipata jua juu ya ngozi huiunguza na kuacha mabaka meusi, ambayo huchukua majuma au miezi kuondoka. Magadi huvuruga asili ya ngozi, ambayo kwa maumbile ina uchachu kidogo. Dawa ya meno juu ya chunusi huunguza tu. Si kila kitu cha nyumbani ni salama kwa sababu ni cha nyumbani.

Ndugu zangu, sasa nije kwenye mkorogo. Jina lake linajieleza: ni vitu vilivyokorogwa, na anayeununua hajui kilichomo. Mara nyingi huwemo zebaki, haidrokwinoni, au dawa kali za jamii ya steroidi ambazo daktari huzitoa kwa ugonjwa maalum na kwa muda maalum. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi ikaharibu figo na mishipa ya fahamu; humfikia mtoto aliye tumboni, na hata wale wanaoishi nyumba moja na mtumiaji. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuleta weusi wa ajabu usoni, yaani kinyume kabisa cha kile mtu alichokitafuta. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta michirizi, na kidonda huchelewa kupona. Ndiyo maana mtumiaji hutambulikana: uso una rangi moja na vifundo vya vidole vina rangi nyingine.

Serikali yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye sumu hizi. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mwaka 2013 mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliangamia kwa zebaki, na katika mkataba huo vipodozi vyenye zebaki vimekatazwa. Basi soma karatasi ya kopo kabla ya kununua. Ukiona alama Hg, neno calomel, au neno lolote lenye herufi mercur, liache. Kopo lisiloeleza kilichomo liache vile vile. Na ambaye amekwisha utumia kwa muda mrefu asione haya kwenda kwa daktari, maana kuacha ghafla steroidi kali huweza kuleta mwako mkubwa wa ngozi. Amweleze ukweli, naye atamwongoza kuacha kwa salama.

Lakini tusiwalaumu mabinti peke yao. Tujiulize, wameyatoa wapi mawazo haya? Mtoto anapozaliwa, wako wanaotazama masikio yake ili wajue atakuwa mweupe au mweusi. Posa ikiletwa, utasikia shangazi anasema, "Ni mweusi, lakini ni mzuri." Neno hilo "lakini" ndilo linalouza mkorogo. Binti aliyelisikia tangu utotoni atautafuta weupe hata kwa sumu. Bilal (r.a.) alikuwa Mhabeshi mweusi, na Mtume (s.a.w.) alimchagua awe mwadhini wake. Haikusemwa juu yake "lakini." Basi akina baba, akina kaka na wachumba nao wayasikie maneno haya, na hasa sisi akina mama tulisafishe neno hilo kutoka ndimi zetu kabla ya kuwaamuru binti zetu wasafishe makopo yao.

Wapo pia miongoni mwetu ndugu zetu wenye ualbino. Kwao ulinzi dhidi ya jua ni suala la uhai, kwa kuwa jua huwaletea saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Mtoto wa namna hiyo avalishwe kofia pana na mikono mirefu, akae kivulini saa za mchana, na apelekwe hospitali kukaguliwa. Katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya kuzuia jua kwa ajili yao. Mafuta ya nyumbani, hata yawe mazuri namna gani, hayawezi kushika nafasi ya losheni hiyo.

Mwisho, yako mambo ambayo si ya asali wala si ya nta. Baka lenye rangi hafifu au nyekundu ambalo ukiligusa huna hisia, huenda ni ukoma, na dawa yake hutolewa bure na huponya kabisa ikianzwa mapema. Kidonda kisichopona, au alama inayokua na kubadilika, vyote vipelekwe kwa mganga wa hospitali bila kuchelewa. Kumficha mgonjwa wa ngozi kwa sababu ya aibu ni kumdhulumu.

Ndugu zangu wapenzi, ngozi ni amana tuliyokabidhiwa pamoja na rangi yake. Maji, mafuta ya alizeti, asali na nta vinatosha kuifanya safi na laini, na fedha zitakazobaki zinunue maziwa na matunda ya watoto. Kila mmoja wetu akirudi nyumbani amfundishe binti mmoja kuyeyusha nta, na amwambie kwa kinywa chake kwamba yeye ni mzuri, pasipo kuongeza "lakini."

Mwenyezi Mungu atujalie afya ya miili na usafi wa mioyo. Amin. Wassalaam.