MIPAKA YA MASHAMBA: MANENO YA UONGOZI WA TAWI KIKAONI

*Kwa wanachama wote. Ambao hamkufika, haya ndiyo tuliyosema. Someni hadi mwisho.*



Tangu hati za hakimiliki za kimila zianze kutolewa, lalamiko ni moja: "Ramani imekula shamba langu." Wapo majirani waliozikana miaka yote, leo hawasalimiani kwa ajili ya mita tatu. Hilo ndilo lililotuita hapa.

Tuanze na vipimo. Huku milimani tunapima kwa kamba au hatua, tukifuata mteremko. Ramani hupima kana kwamba ardhi imelala tambarare. Kwenye mteremko wa nyuzi 30, kamba ya mita 100 huwa mita 87 hivi kwenye ramani. Kwa hiyo ekari kupungua kwenye hati pekee si ushahidi kwamba jirani ameiba. Tena kifaa cha GPS cha mkononi huweza kukosea mita kadhaa, hasa chini ya miti mikubwa na mabondeni. Kule tambarare za Ndungu mita tatu ni kidogo. Kwetu ni tuta zima.

Lakini makosa ya kweli yapo: sale limeng'olewa, njia ya mfereji imeingizwa shambani kwa mtu, au mwenye shamba yuko Dar es Salaam na hakuna aliyemwakilisha. Hayo yarekebishwe hivi:

*1.* Siku ya upimaji, wa pande zote za mpaka wawepo, pamoja na mzee anayeujua. Mjane na binti wasimamie yao wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inawapa haki sawa na wanaume.

*2.* Kagua ramani ya awali kabla hati haijatoka. Usisaini usichokielewa.

*3.* Hati ikitoka na kosa, mwandikie Mtendaji wa Kijiji, omba vipimo virudiwe majirani wakiwepo. Baki na nakala.

*4.* Mkishindwana, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji: wajumbe 7, wanawake wasiopungua 3. Kisha Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 nalo ni la usuluhishi tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mwisho, baadhi yenu mmetuomba barua ya tawi ya kuwatetea. Hatutaiandika. Tawi si baraza la ardhi, na kadi ya chama haipimi shamba. Kati yetu viongozi wamo wawili wenye mgogoro wa mpaka wao kwa wao. Tumewaambia waanze wao kwenda Baraza la Kijiji, na wamekubali.

Masale tuliyoachiwa na wazee yasing'olewe usiku.



*Uongozi wa Tawi*
_Wasio na simu janja, wasomeeni._