Kuchagua Namba ya Kasi ya Filamu kwa Kipima Mwanga Chako: Mada kwa Wapiga Picha wa Mafia



Namba iliyochapwa kwenye boksi la filamu, iwe 100, 200 au 400, hupatikana maabara. Kipima mwanga cha kamera yako hakikuhusika, nacho kinaweza kuwa na kasoro yake, hasa kwa sababu ya betri. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo leo haitengenezwi tena. Ukiweka ya volti 1.5, vipima mwanga vingi husoma mwanga mwingi kuliko uliopo, na picha hutoka nyeusi. Betri ya alkali inazidisha tabu, kwa kuwa nguvu yake hushuka kadiri inavyotumika. Tafuta ya silva oksidi, iliyo thabiti zaidi, kisha ndipo uijaribu kamera.

Jaribio ninalolipendekeza halihitaji kifaa cha kununua. Asubuhi ya saa nne, anga likiwa safi, waweke pamoja mtu aliyevaa buibui jeusi na mwingine mwenye kanzu nyeupe. Pima mwanga kwenye majani mabichi yanayopigwa na jua hilohilo. Kama filamu ni ya 400, piga fremu ya kwanza kwa 400, kisha shuka: 320, 250, 200, 160, 125, 100. Kila hatua ni thuluthi tu ya stopu, lakini tatu zikikamilika mwanga umeongezeka maradufu. Mkanda wote usafishwe kama kawaida ya 400. Shika negativu dirishani uangalie buibui: fremu ya kwanza inayoonyesha mikunjo ya kitambaa ndiyo yenye namba yako. Kwa filamu ya slaidi hukumu iko kwenye kanzu, maana slaidi iliyozidi mwanga huungua na haiokoleki.

Sasa suala la mchanga, ambalo nadhani ndilo linalotupotosha zaidi hapa kisiwani. Kipima mwanga huchukulia kila kinachokiona kuwa cha kijivu. Maji yakipwa pale Utende, mchanga mweupe hukidanganya, na uso wa mvuvi aliyesimama mbele yake hufifia gizani. Wengi hushusha namba kutoka 400 hadi 200, na picha ya ufukweni hukubali. Kisha wanavuka kwenda Juani, wanaingia kivulini kwenye magofu ya Kua na namba ileile, na kuta za matumbawe zinapokea mwanga usiohitajika. Namba ya kasi irekebishe kasoro ya kamera, ambayo unatembea nayo popote. Kosa la mchanga lirekebishwe papo hapo: msogelee mvuvi, pima mwanga usoni, shika kipimo hicho, rudi nyuma upige. Uso mweusi sana uupunguzie mwanga kidogo.

Namba ukishaipata iandike kwenye plasta nyuma ya kamera, pamoja na aina ya betri. Betri ikibadilishwa kwa aina nyingine, jaribio lirudiwe.